Mstari wa Pili

Jumatatu, 3 Machi

Nimeshindwa. Naandika hilo kwanza ili nisilifikirie tena.

Jana kitongoji kilikaa mkutano kuchagua mhudumu wa afya. Mtu wa kukabidhiwa sanduku la dawa za malaria na vipimo, akae nalo kwake, awapime watu hapa hapa badala ya kuvuka korongo hadi zahanati ya Kinyangiri. Wagombea wawili. Mimi, Antipasi, miaka hamsini na minne, uzoefu wa kuogesha ng'ombe kwenye josho miaka minne kamili. Na Scholastika, binti wa jirani yangu Mzee Fredrick, miaka ishirini na sita, uzoefu hakuna, isipokuwa hicho cheti cha kidato cha nne wanachokitaja kila saa.

Mwenyekiti akaagiza kila mtu asimame nyuma ya mgombea wake. Nyuma ya Scholastika watu walifika mpaka kwenye mashine ya kusaga. Nyuma yangu alisimama mke wangu Joyce. Baadaye akasema anakwenda mara moja kumsalimia mtu kwenye ule mstari mwingine. Hakurudi!

Nilitaka nini? Hapa naweza kusema, maana daftari hili halisomwi na mtu. Nilitaka kuitwa Daktari. Basi. Mjukuu wangu Yasinta, ana miaka minne, anakaa na sisi kwa kuwa mama yake anafanya kazi Unyambwa. Nilikuwa nimeshamfundisha aniite Babu Daktari. Anaitamka vizuri sana. Leo asubuhi ameniita hivyo mbele ya Joyce, na Joyce akacheka mpaka akaweka sufuria chini.

Scholastika amepita kunisalimia. Shikamoo baba, amepiga na goti kidogo. Nilitafuta kiburi kwenye sauti yake, sikukipata. Hilo limeniudhi zaidi ya kushindwa kwenyewe.

Jumatano, 5 Machi. Majivu

Sanduku limekuja! Nimelitazama kupitia uzio wa minyaa. Zamani kulikuwa na upenyo wa kupita kwenda kwa Mzee Fredrick, ila mwaka juzi tuligombana kuhusu mpaka, nikauziba kwa miiba. Sasa kumfikia jirani yangu ni kuzunguka mpaka barabarani. Nilikuwa na haki ya kuuziba. Ila kwa kuchungulia, miiba inasumbua.

Limeletwa kwa pikipiki, kwenye mvua, limefungwa nailoni mara mbili. Ndani kuna dawa mseto zimepangwa kwa umri na uzito wa mtu, za watoto wadogo peke yake, za wakubwa peke yake. Watu walisogea karibu. Hata mimi nilisogea huko kwenye minyaa, miiba ikanichoma. Dozi nzima, na hailipiwi. Sisi tuliozoea kununua vidonge viwili vya maumivu dukani, kwa sababu uwezo ni wa viwili, na kusema mgonjwa amepata dawa.

Basi kichwa kikaanza kufanya kazi. Mtu mwenye dawa ndani ni nusu daktari tayari. Nikipata dozi mbili tatu, nina sanduku langu. Watu wataanza kuja wenyewe. Cha kufanya ni kuugua.

Nikachemsha viazi vitamu viwili, nikaviweka makwapani vikiwa vya moto, nikavaa koti, nikazunguka barabarani huku nikitetemeka. Kutetemeka hakukuwa kwa kuigiza. Viazi vilikuwa vinaniunguza. Asubuhi nilikuwa nimetoka kanisani, na majivu yalikuwa bado kwenye paji la uso. Hilo nimelikumbuka baadaye.

Scholastika akaniwekea kipimajoto. Akakitazama, akakitikisa, akakitazama tena. Akasema kwa heshima zote kwamba mtu mwenye joto la namna hii kwa kawaida hawi amesimama. Akaniomba niinue mkono. Kiazi kikaanguka. Nikamwambia kile ni chakula changu cha mchana, na homa ni jambo jingine kabisa.

Hakucheka. Akasema anayesema ana homa anapimwa, ndivyo walivyofundishwa. Akanitoboa kidole. Tone moja la damu, dogo kuliko la mbu aliyepasuka ukutani. Akalitia kwenye kidude cheupe cha plastiki, chenye kidirisha katikati. Akadondosha na maji yake ya dawa. Tusubiri dakika kumi na tano, akasema.

Sasa sikilizeni. (Nani asikilize? Sijui. Naandika tu.) Kile kidude kilianza kutembea! Wekundu ulipanda taratibu kwenye kile kikaratasi, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Ukapita. Ukabaki mstari mmoja. Scholastika akaeleza kwamba mstari wa kwanza unaonyesha kipimo ni kizima, na wa pili ukitokea ndiyo malaria. Tukasubiri wa pili. Nilikikazia macho. Niliomba kimoyomoyo. Niliguna kigonjwa ili kinisikie.

Hakuna. Baba huna malaria, akasema.

Nimemdanganya mtoza ushuru wa mazao. Nimemdanganya katekista, bwana mifugo, na Joyce kwa miaka thelathini. Leo kidude kisichofika urefu wa kidole kimeninyonya tone moja kikaniambia ukweli usoni. Nimerudi nyumbani sijielewi. Niliogopa, kusema kweli. Nilikiogopa kwa namna nzuri.

Hata hivyo, Scholastika alipogeuka kuandika kwenye rejista, nilikitia mfukoni.

Alhamisi, 6 Machi

Kumbe kinachohitajika ni mstari mmoja tu zaidi! Nina kalamu. Nina mkono usiotetemeka, josho lilinifundisha. Nikauchora mstari wa pili taratibu, sambamba na wa kwanza, nikaupuliza ukauke. Kazi safi. Hata Yasinta aliyekuwa akiniegemea goti alisema babu unajua kuchora.

Kwa Scholastika nisingerudi. Nikavuka korongo, maji magotini, hadi zahanati. Mganga pale ni Laurenti, mtu mpole. Nikamwambia nimepimwa kitongojini, majibu haya, naomba dozi. Akakipokea kipimo. Akakipeleka dirishani. Akamwita nesi. Wakakitazama pamoja muda mrefu sana. Nikajua wameona malaria ya kutisha. Nikaketi kigonjwa zaidi.

Laurenti akaja akachuchumaa mbele yangu. Akaniuliza kwa upole kama malaria yangu ameiandika mwanafunzi, kwa sababu ni ya bluu. Mistari ya kipimo, akasema, ni myekundu.

Nesi akatoka nje. Nilimsikia akicheka mpaka kwenye mwembe wa geti. Laurenti yeye akanipima upya, kwa kuwa nimetoka mbali. Dakika kumi na tano nyingine, mbele ya kina mama sita na watoto wao. Mstari mmoja! Kidude kingine, hakijawahi kuniona, hakijasikia habari zangu, na kimesema maneno yale yale. Hawa wadudu wa plastiki wanaambiana nini?

Laurenti ameniagiza nirudishe kile cha kwanza kwa Scholastika kitupwe panapostahili. Nimekirudisha. Akasema asante baba. Alikiangalia, akauona mstari wa bluu, akasema asante baba. Ningefurahi kama angenitukana.

Jumapili, 9 Machi

Bwana asifiwe! Njia imefunguka, na imefungukia kanisani.

Baada ya misa Scholastika alipewa nafasi kwenye matangazo. Akaeleza mambo ya homa: usisubiri, mlete mtoto siku hiyo hiyo, pima kwanza, maliza dozi zote hata ukipona. Nilikuwa nasinzia kidogo. Ndipo akasema dawa mseto inafanya kazi vizuri zaidi ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta, au maziwa.

Mafuta! Nikazinduka. Sisi ni watu wa Singida. Tunalima nini? Alizeti! Nina madebe mawili ya mafuta ya msimu uliopita ndani, yamenishinda kuuza kwa sababu kila mtu ana yake. Nikakaa kwenye benchi nikifikiri mpaka wengine wote wakatoka. Kama dawa bila mafuta inalegea, na ikipata mafuta inapata nguvu, basi nguvu iko wapi? Kwenye mafuta! Hesabu rahisi. Wataalamu wamezunguka dunia nzima, na jibu lilikuwa shambani kwangu likigeuka na jua.

Nimeguswa sana. Nimekaa nikiyatazama yale madebe kwa heshima ambayo sijawahi kuyapa.

Jumatatu, 10 Machi

Mnada. Nilijaza chupa ishirini za maji zilizotumika, nikazibandika karatasi: MAFUTA YA HOMA. KIJIKO KUTWA MARA TATU. DR. A. Joyce aliuliza hiyo Dr. ni ya nini. Nikasema ni sehemu ya jina.

Biashara haikuwa nzuri. Watu walisoma, wakanusa, wakasema haya ni mafuta ya alizeti, Antipasi. Wakaenda kwenye mbuzi. Mteja mmoja tu, shemeji yangu Stanley, mdogo wake Joyce. Alisema mwili unamuuma tangu juzi. Nikamweleza sayansi yake kwa kirefu. Akaelewa kupita kiasi, maana aliinywa chupa nzima palepale ili apone haraka.

Jumanne, 11 Machi

Stanley yuko vichakani tangu jana jioni. Mkewe amekuja na maneno ambayo sitayaandika. Mwili ulikuwa unamuuma kwa sababu alipakia magunia ya vitunguu siku mbili.

Hilo halinivunji moyo. Stanley hakuwa na malaria. Mafuta hayakuwa na cha kufanya mle ndani, yakatoka. Ninachohitaji ni mgonjwa wa kweli.

Joyce ameondoka alfajiri kwenda msibani Mitundu, huko Itigi, atarudi Jumamosi. Amenikabidhi nyumba, kuku na Yasinta. Ameniagiza mara tatu nisifanye jambo lolote. Nimeuliza jambo gani. Akasema lolote.

Jumatano, 12 Machi

Nimeyasoma maneno yangu ya jana, kuhusu mgonjwa wa kweli, na natamani kuung'oa ukurasa.

Yasinta ameamka wa moto. Hakutaka uji. Hakutaka kuwafungulia kuku, kazi asiyoiachia mtu. Alikaa mlangoni na shuka, akasema babu baridi, na jua lilikuwa limeshatoka.

Naandika kila kitu. Wazo langu la kwanza halikuwa Scholastika. Wazo langu la kwanza lilikuwa chupa. Nilisema moyoni, sasa watu wataona. Nikampa kijiko asubuhi, akakunja uso akameza kwa sababu mimi ndiye niliyempa. Nikampa kingine mchana. Nikamsugua na mgongoni. Kila baada ya muda nilimgusa shingo, nikajiambia joto limepungua, na mkono wangu ulikuwa unajua kwamba haujasema hivyo.

Alasiri nilikwenda hadi kwenye minyaa. Scholastika alikuwa barazani kwao, ameketi kando ya sanduku, anachambua mchele. Hatua ishirini. Kama ningemwita angesikia. Nilifikiria kiazi. Nilifikiria mstari wa bluu. Nikasema ngoja kesho, pengine ni mafua.

Yasinta ameniita Babu Daktari leo mara moja tu. Aliniuliza homa itaisha lini.

Alhamisi, 13 Machi

Kulipopambazuka nilimwita akanitazama bila kuniitikia. Midomo mikavu. Nikamsimamisha, miguu ikalegea. Nikamwekea maji mdomoni, akanywa kidogo, nikashukuru kwa yale aliyokunywa.

Nilikuwa na mdogo wangu, Joshua. Huwa simtaji. Naye alikuwa na miaka minne. Mvua kama hizi, korongo limejaa, mama akampa vidonge viwili vya dukani na maji ya mwarobaini, akasema tungoje maji yapungue. Yalipungua siku ya tatu. Nakumbuka mama akiwa ukingoni ameyaangalia maji yamepungua, na hana tena wa kumvusha.

Nimembeba Yasinta mgongoni kwa kanga ya Joyce. Sikuzunguka barabarani. Niliing'oa ile miiba kwa mikono, mwenyewe niliyeiweka, na nilivyoiweka vizuri! Imenichana mpaka kwenye viwiko. Mzee Fredrick alikuwa anapiga mswaki uani. Aliona mtu mzima amevaa kanga anatokea kwenye uzio wake anavuja damu. Alikimbia kumwamsha binti yake.

Scholastika akatoka na sanduku. Nilisahau hata kungoja shikamoo. Akamgusa mtoto, akamtazama macho, akampa maji akaona anameza, akauliza kama amepata degedege au ametapika kila anachopewa. Hapana, hapana. Kisha akafungua rejista akauliza homa imeanza lini.

Hapo. Swali dogo. Mdomo wangu ukawa tayari umeshaandaa neno leo. Limekaa pale tayari, limevaa. Nikamtazama Yasinta. Nikasema jana asubuhi. Nikasema nilimpa mafuta. Nikasema nilikuona barazani jana nikarudi ndani.

Aliandika jana. Hakuinua macho. Akasema asante baba kwa kuniambia, inasaidia.

Akamtoboa kidole. Mtoto hakulia, na kutolia kwake kulinitisha kuliko kilio. Tone, maji ya dawa, dakika kumi na tano.

Wiki iliyopita nilikaa kwenye kigoda hicho hicho nikiuomba mstari wa pili utokee. Leo nilikaa nikiuomba usitokee. Nilikiahidi kidude mambo mengi. Wekundu ukapanda, taratibu ile ile, hauna haraka na mtu. Mstari wa kwanza. Halafu, kwanza kama kivuli, halafu wazi kabisa, wa pili. Mwembamba, mwekundu, umenyooka kuliko nilivyouchora mimi. Nilimwomba Scholastika akitazame tena, pengine ni kibovu. Akanionyesha mstari wa kwanza. Ni kizima, baba.

Nikadhani atachukua muda kutafuta, kuandika, kunituma mahali. Aliinua mfuniko akatoa pakiti ya uzito wake, maana ni mdogo wa mwili. Ilikuwa palepale. Vidonge sita. Akaweka kimoja kwenye kijiko, akatia maji, na kikayeyuka! Kikawa uji wa njano, chenyewe, bila kusagwa. Yasinta akaonja. Nikangoja akunje uso. Akalamba kijiko.

Ni kitamu. Kuna mtu ameweka utamu! Mahali fulani yupo mtu, simjui, hanijui, aliketi akafikiri kwamba mtoto hapendi uchungu na hawezi kumeza kidonge kizima. Akakifanya kiyeyuke. Akakifanya kitamu. Halafu mwingine akakisafirisha, mwingine akakifunga nailoni mara mbili kwa sababu ya mvua, kikaja mpaka kwa Mzee Fredrick, hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu, kikamsubiri Yasinta. Na mimi ndiye niliyemchelewesha. Nimelia. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli, na Mzee Fredrick ameniona, kwa hiyo hakuna faida ya kuficha.

Muda mfupi baadaye akatapika yote. Nikapiga kelele nikidhani imekwisha. Scholastika akasema alitegemea hilo linaweza kutokea, akampangusa, akangoja atulie, akampa kingine, na kutoka sandukuni akaongeza cha kufidia kwenye pakiti. Kimekaa. Halafu akasema sasa ale, na chakula kiwe na mafuta kidogo. Akaniuliza kama nyumbani kuna mafuta.

Kama kuna mafuta!

Nimekimbia kuyaleta. Madebe mawili yote. Akasema kijiko kimoja tu kwenye uji, baba, kijiko cha chai.

Dozi ya pili saa tisa alasiri. Kisha asubuhi na jioni mpaka Jumamosi. Akishindwa kunywa, akizidi kulegea au akipata degedege, nimwite saa yoyote, Mzee Fredrick ameshamtafuta mtu wa pikipiki wa kutuvusha korongo. Nimeandika saa zote hapa, mstari kwa mstari. Saa tisa kamili nimempa. Redio ilikuwa inapiga saa.

Ijumaa, 14 Machi

Saa moja asubuhi, kidonge. Mikono yangu ilikuwa mizito kwa majeraha ya miiba, nikakiyeyusha bila kumwaga.

Saa nne, jasho. Shingo yake imepoa. Nimeigusa labda mara arobaini. Alinisukuma mkono.

Saa saba ameomba yai. Yai! Nimekaanga matatu. Kwa mafuta yangu.

Saa moja jioni, kidonge. Kila ninapokiona kikiyeyuka nashangaa upya. Scholastika amepita mara mbili kupitia upenyo. Nimemwambia karibu daktari. Lilinitoka lenyewe. Sote wawili tukaangalia pembeni.

Jumamosi, 15 Machi

Asubuhi Yasinta amewafukuza kuku mpaka barabarani. Ameanguka, amelia kwa nguvu zote, nami nimesimama nikisikiliza kile kilio kama mtu anayesikiliza kwaya.

Ila vidonge viwili bado vimo kwenye pakiti, cha asubuhi na cha jioni. Na mtoto mzima! Anaruka! Hapa kitongojini tungekuwa tumeshaviweka kwenye kopo kungojea homa ya mwakani. Hata mtu mwaminifu angefikiria. Mimi nilifikiria sana. Vidonge viwili. Mwanzo wa sanduku. Nilivishika kwenye kiganja mpaka vikaanza kupata joto.

Akaja Yasinta na kijiko mkononi. Hakuuliza kitu. Aliketi, akafumbua mdomo, akangoja.

Nimempa cha asubuhi. Saa moja jioni nimempa cha mwisho. Nimepeleka pakiti tupu kwa Scholastika. Joyce amerudi amekuta uzio una tundu, mikono yangu ina madonda, mtoto amekonda, na kanga yake bora ina damu. Nimemweleza yote, tangu mwanzo, hata chupa. Hakunipigia kelele. Alimkumbatia Yasinta muda mrefu, kisha akanipaka dawa mikononi bila kunitazama. Nimeapa mbele yake. Yamekwisha. Kwenye kidude kile nimekutana na kitu kikubwa kuliko mimi, na mtu akikutana na kitu kama hicho hawi yule wa jana.

Jumapili, 16 Machi

Siku kubwa! Kwenye matangazo Scholastika amesimulia habari ya mtoto aliyepona kwa sababu dozi imemalizwa yote, kwa saa zake, na imeandikwa kwenye daftari. Hakusema habari ya mafuta. Hakusema habari ya siku iliyopotea. Akasema mlezi ni Baba Antipasi. Watu wakapiga makofi! Kanisa zima. Stanley hakupiga, ila bado ni dhaifu.

Nikarudi nyumbani nimejaa shukrani. Nimerudisha baadhi ya miiba kwenye mpaka, kwa kuwa mpaka ni mpaka, ila nimeacha upenyo wa mtu kupita na mtoto mgongoni.

Sasa, kuna jambo jingine alilolisema, mwishoni kabisa. Mwezi ujao wageni wa wilayani watakuja kuchagua mtu mzima mmoja kutoka kitongoji chetu, mtu aliyeugua malaria akapimwa akamaliza dozi, azunguke na Scholastika akitoa ushuhuda. Atapewa fulana, mwavuli, na beji yenye jina lake.

Beji!

Nani anafaa kuliko mimi? Nani ameviona vile vidonge vikiyeyuka kama nilivyoviona mimi? Kinachokosekana ni kitu kimoja. Nimepimwa mara mbili, na mara zote mbili sina malaria. Ni dosari ndogo, ya kiofisi tu.

Jioni nimekaa nje na Yasinta nikilifikiria. Ameacha kuniita Babu Daktari. Daktari, anasema, ni Scholastika, mimi ni babu. Nimekubali. Nikamuuliza kama anakumbuka siku ile ya kutobolewa kidole. Akasema anakumbuka mistari. Akanishika mkono akaniambia kwa huruma, kama mtu mkubwa anayemsahihisha mtoto, kwamba ule mstari wangu niliouchora siku ile ulikuwa mzuri lakini nilikosea rangi. Wa kwake ulikuwa mwekundu.

Mtoto ana macho yule. Mungu amtunze.

Kesho ni mnada. Nitawahi mapema, kabla wauza madaftari hawajaondoka. Kalamu nyekundu, moja. Pengine mbili.